Mlango Usio na Kitasa

Picha ililetwa dukani kwangu ikiwa imezungushiwa leso kuukuu, na kabla ya kuifungua yule mama aliniuliza kama mimi ni fundi wa fremu kweli au ni fundi wa kukata kioo tu. Nilimjibu kwamba kazi hii nimeifanya hapa Nakuru kwa miaka kumi na minne, kisha, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuitambua lafudhi yake, nikamsalimia kwa Kilogooli, lugha ya kwao Vihiga, magharibi mwa Kenya. Nadhani ni salamu hiyo, wala si ile miaka kumi na minne, iliyomfanya aifungue leso.

Ndani yake mlikuwa na picha ya karatasi, yenye urefu wa kama sentimita 60, ambayo marehemu mumewe aliitundika sebuleni kwao Vihiga tangu walipooana. Kristo amesimama usiku mbele ya mlango uliomezwa na magugu. Kichwani ana taji, mabegani ana joho, mkono wa kushoto umeshika taa yenye matundu yanayomwaga mwanga, na mkono wa kulia umeinuliwa kubisha. Pembe ya chini ilikuwa imeingia maji, na doa la rangi ya chai lilikuwa limefunika nyasi na matunda yaliyoanguka chini ya miti. Nilipoigeuza nikaona kwamba fundi mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, aliwahi kuibandika juu ya kipande cha hadibodi kwa gundi nyeupe ya mbao. Ukitaka karatasi ife polepole, hiyo ndiyo dawa yake.

"Nataka unipakie rangi hapa palipoharibika," akasema, "ifanane na ilivyokuwa zamani." Kisha akaiinamia picha na kugusa ule mlango kwa kidole. "Tena utazame hapa, mwanangu. Mlango huu hauna kitasa. Mzee alikuwa akisema kitasa kiko ndani."

Mzee alisema kweli. Jambo hilo ndilo lililonifanya nikae usiku kadhaa nikisoma habari za watu waliochora picha za namna hii, na kwa kuwa baadhi ya wateja wangu husoma ukurasa huu, nimeona niyaandike niliyoyapata, pamoja na sababu iliyonifanya nikatae kulipaka rangi doa la yule mama.

Mchoraji wa asili anaitwa William Holman Hunt, Mwingereza, na picha yake, *Nuru ya Ulimwengu*, aliichora kati ya mwaka 1851 na 1853. Naitaja kwanza hiyo kwa sababu nyingi ya picha za Kristo abishaye ambazo naletewa dukani si za Hunt hata kidogo. Ni za Mmarekani Warner Sallman wa Chicago, aliyechora yake mwaka 1942, ambamo Kristo amevaa kanzu nyeupe na hana taji wala taa. Sallman naye aliuacha mlango bila kitasa, kwani aliuchukua kutoka kwa Hunt, moja kwa moja au kwa kupitia mikono mingine. Kwa hiyo ukitaka kujua iliyo ukutani kwenu ni ya nani, tafuta taa. Hunt aliijali taa hiyo mno hata akaagiza itengenezwe taa halisi, ili aone mwanga unavyopenya matundu kabla hajaigusa turubai. Mandhari ya bustani aliyachora usiku, kwa mbalamwezi, kwenye shamba moja la Surrey, majira ya baridi yakikaribia. Uso wa Kristo aliutafuta kwa watu kadhaa, na mmojawapo alikuwa mwanamke, mshairi Christina Rossetti, ambaye kaka yake tutakutana naye baada ya muda mfupi.

Kuhusu mlango, Hunt mwenyewe alieleza kwamba ni akili ya mwanadamu iliyojifunga, isiyoweza kufunguliwa ila kutoka ndani. Chini ya picha, kwenye fremu aliyoibuni mwenyewe, yaliandikwa maneno ya Ufunuo 3:20, "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha." Zaidi ya hayo, kwenye ukingo wa turubai ambao fremu huufunika, mahali ambapo hakuna macho yangefika isipokuwa ya fundi, aliandika kwa Kilatini sala ya kumwomba Bwana asimpite. Mtu yeyote aliyekulia kanisani kule magharibi mwa Kenya angeyamaliza maneno hayo kwa kuyaimba. Nilipolisoma jambo hili niliweka simu chini. Miaka yote hii nimekuwa nikifunika kingo za picha za watu na sijawahi kujiuliza kama kuna mtu aliyeandika kitu pale.

Picha hiyo iko katika chuo cha Keble, Oxford. Hunt alipokuwa mzee, macho yakiwa yamefifia, alitengeneza nyingine kubwa zaidi kwa kusaidiwa na mchoraji mwenzake, Edward Robert Hughes, na hiyo ndiyo iliyozungushwa kati ya mwaka 1905 na 1907 katika Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, watu wakipanga foleni kuitazama, kabla ya kutundikwa katika kanisa la Mtakatifu Paulo, London, mwaka 1908. Huku kwetu zilizofika ni karatasi. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, mwaka uleule ambao Malkia Victoria alifariki mwezi Januari, na mwaka uliofuata wamishenari wa Friends, yaani Quakers, wakaanzisha kituo chao Kaimosi. Enzi yenye jina lake ilikuwa imekwisha wakati ambapo vitu vyake vilikuwa ndio kwanza vinateremshwa kwenye ziwa ambalo nalo lilipewa jina lake. Mzee wa yule mama alikuwa mtu wa Friends, na kanisa la Friends halitundiki picha ukutani, ndiyo sababu Kristo huyu aliishi sebuleni na si kanisani.

Sasa, kilichonivutia zaidi ya taa na mlango ni kwamba Hunt na wenzake hawakujiona kuwa watu wapya. Walijiita watu wa zamani. Mwaka 1848 vijana saba wa London, wengi wao wakiwa na umri wa miaka ishirini hivi, waliunda chama walichokiita Udugu wa Kabla ya Raphael. Walioongoza walikuwa watatu, yaani Hunt, John Everett Millais, na Dante Gabriel Rossetti, yule kaka wa Christina. Raphael alifariki mwaka 1520, akaja kufanywa kipimo cha uchoraji wote uliofundishwa katika Akademia ya Kifalme. Mwanafunzi alifundishwa kupanga watu katika umbo la pembetatu, kuweka mwanga mahali pamoja na giza penginepo, na kuirembesha sura yoyote isiyopendeza. Vijana hawa walisema kwamba kasoro haikuwa kwa Raphael kama ilivyokuwa kwa wale walioigiza waigaji wake kwa zaidi ya miaka mia tatu, kila mmoja akinakili nakala. Wakaamua kuruka juu ya vichwa vya walimu wao na kwenda kuuliza kwa mababu.

Lakini waliwaona wapi hao mababu? Hapa ndipo hadithi inaponipendeza mimi niishiye kwa nakala. Hunt alisimulia jinsi walivyokusanyika jioni moja nyumbani kwa wazazi wa Millais katika mtaa wa Gower wakakifungua kitabu cha michoro ya Carlo Lasinio, Mwitaliano aliyenakili kwa kuchonga kwenye bamba la shaba picha za ukutani za Campo Santo, eneo la makaburi lililozungukwa na kuta huko Pisa. Picha zenyewe zilichorwa kwenye lipu mbichi katika karne ya 14 na ya 15, na hata wakati wa Lasinio zilikuwa zimeliwa na unyevu. Walichokiona vijana wale, basi, kilikuwa ni mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe, isiyo na rangi, nakala ya kitu kilichokwisha kufifia. Wakaipenda kwa unyofu wake. Wakaapa kuufuata unyofu huo, kisha wakatoka wakachora picha zenye rangi kali kuliko zote zilizokuwa zimeonekana Uingereza kwa muda mrefu! Rossetti, ambaye baba yake alikuwa Mwitaliano na ambaye maisha yake yote aliishi ndani ya mashairi ya Dante, yule mshairi wa kale, na Firenze ya kale, hakuwahi kukanyaga Italia hata siku moja.

Wako wanaowacheka kwa hilo. Mimi siwacheki, kwa sababu rangi hizo hazikutoka hewani. Jumba la picha la taifa huko London lilikuwa limenunua mwaka 1842 picha ya Jan van Eyck ya mwaka 1434, ile ya mume na mke walioshikana mikono chumbani mwao, na mtu yeyote angeweza kusimama mbele yake akajiuliza kwa nini picha ya miaka mia nne inang'aa ilhali picha za juzi za walimu wake zimegeuka rangi ya supu. Jibu moja lilikuwa la kifundi kabisa. Wachoraji wengi wa wakati huo walipenda kutumia lami katika rangi za kahawia, nayo lami haikauki vizuri, huendelea kuwa nyeusi na kupasuka. Van Eyck na wenzake walianzia kwenye usuli mweupe, wakaweka rangi kwa tabaka nyembamba, mwanga ukapita kwenye rangi, ukagonga weupe na kurudi. Hunt na Millais wakatafuta njia yao. Kila asubuhi walipaka rangi nyeupe mbichi kwenye sehemu ndogo ya turubai, ile tu ambayo wangeweza kuimaliza siku hiyo, wakachora juu yake kwa brashi ndogo kabla haijakauka, kama vile mchoraji wa ukutani anavyopaka lipu ya siku moja. Makosa hayakuwa na nafasi, kwani ukigusa mara mbili weupe unavurugika na rangi zote zinakuwa tope. Sijui mtu wa kale aliyefanya kazi hivyo hasa. Walidhani wanarudi nyuma, na katika kuutafuta mlango wa nyuma wakatoboa mlango mpya ukutani.

Mwaka 1850 Millais alionyesha picha ya Kristo akiwa mtoto katika karakana ya Yosefu, na hii, kama ningepewa ruhusa ya kutundika picha moja tu dukani, ndiyo ningeichagua. Mtoto amejichoma kiganja kwa msumari wa mlango unaotengenezwa juu ya meza. Mama amepiga magoti kumbembeleza, bibi ananyosha mkono kuutoa msumari kwa koleo, binamu Yohana analeta bakuli la maji, na nje ya mlango kondoo wamejipanga wakitazama ndani. Ukutani kuna ngazi, na juu ya ngazi kuna njiwa. Kila kitu ni ishara, kama katika picha za Enzi za Kati, ambamo hata ua moja lina maana yake. Hata hivyo kila kitu pia ni karakana. Millais alikwenda kufanya kazi ndani ya karakana ya seremala wa kweli, akaichora mikono ya Yosefu kutokana na mikono ya fundi, yenye mishipa iliyotuna kwa sababu ya randa na msumeno, ila kichwa akakitoa kwa baba yake mwenyewe. Kwa ajili ya kondoo alinunua vichwa viwili kwa mchinjaji. Takataka za randa zimetapakaa sakafuni hadi miguuni kwa mtoto, na hakuna aliyezifagia.

Watu walikasirika. Charles Dickens, mwandishi mkubwa kuliko wote wa siku hizo, aliishambulia picha hiyo gazetini kwa maneno makali sana, akimwona Bikira kuwa mbaya wa sura na familia nzima kuwa ya kutia kinyaa. Malkia alitaka kuiona, ikabidi iondolewe ukutani kwenye maonyesho na kupelekwa kwake. Nimeitazama mara nyingi, nami naona kwamba kilichowaudhi si ukale wake. Kilichowaudhi ni kwamba ukale huo ulikuwa umeondoa pazia. Walikuwa wamezoea Familia Takatifu ya waigaji wa Raphael, yenye mashavu laini, na hapa wakaonyeshwa fundi mwenye kucha chafu. Mimi mwenye kucha zilizojaa gundi sikuona tusi lolote.

Si kila walichofufua kilifufuka. Mwaka 1857 Rossetti aliongoza kundi la vijana, miongoni mwao William Morris na Edward Burne-Jones, wakaenda Oxford kupamba kuta za ukumbi wa mijadala kwa visa vya Mfalme Arthur. Walicheka, walikula, waliimba, na wakachora juu ya matofali yaliyopakwa chokaa bila kuuandaa ukuta. Hakuna aliyekuwa amejifunza kazi ya lipu. Haikupita miaka mingi picha zikafifia. Bunge la Uingereza nalo, lililokuwa likijengwa upya kwa mtindo wa Gothi, ule wa makanisa ya Enzi za Kati, baada ya moto wa mwaka 1834, liliagiza picha za lipu mbichi kwa kutaka kufanana na Italia, na hewa yenye unyevu na moshi ya London ikazila. Kupenda kitu cha kale ni jambo moja, na kujua kiliungwa kwa gundi gani ni jambo jingine. Hilo nalijua hata kutokana na ile hadibodi ya yule mama.

Kisha kuna kosa la aina nyingine, ambalo nalipenda hata zaidi. Frederic Leighton, kijana wa miaka 24, alipeleka kwenye maonyesho ya mwaka 1855 picha yenye urefu wa zaidi ya mita tano, inayoonyesha watu wa Firenze wakiibeba kwa maandamano picha ya Bikira iliyochorwa na Cimabue, huku mchoraji mwenyewe akitembea mbele na shada la majani kichwani. Malkia Victoria aliinunua siku ya kwanza kwa gini 600, kipimo cha fedha cha Uingereza ya siku hizo. Kisa hicho Leighton alikisoma kwa Giorgio Vasari, mwandishi wa karne ya 16 aliyeandika maisha ya wachoraji wa Italia. Tatizo ni kwamba picha ya Bikira inayobebwa katika maandamano hayo si ya Cimabue. Ni ya Duccio wa Siena, na mkataba wa mwaka 1285 upo. Leighton alisherehekea kwa mita tano ushindi wa mtu ambaye hakuichora kazi ile. Hata hivyo picha yake haijaharibika kwa hilo, kwa kuwa alichokuwa akikiota hakikuwa Cimabue bali mji unaofunga maduka yake ili kusindikiza picha barabarani, na mji wa namna hiyo Leighton aliutamani kwa sababu London haikuwa hivyo. Nakuru pia haiko hivyo.

Wako pia waliofufua ya kale kwa chombo ambacho watu wa kale hawakukijua. Julia Margaret Cameron alipewa kamera na binti yake akiwa na umri wa miaka 48, akageuza banda la kuku nyumbani kwake katika kisiwa cha Wight kuwa studio. Alipiga picha za Bikira na Mtoto kwa kuigiza wachoraji wa Italia, mwanga ukitoka upande mmoja, mistari ikiwa na ukungu kidogo. Bikira wake, mara nyingi mno, alikuwa Mary Hillier, mtumishi wa nyumbani kwake. Fikiria huyo binti akiacha ufagio, akijitanda kitambaa na kuwa Mama wa Mungu kwa dakika chache asizoruhusiwa kutikisika, kisha akirudi kwenye ufagio. Ukiniuliza mimi, uso wake una uzito ambao mashavu laini ya waigaji hayakuwahi kuupata.

Lakini aliyenisaidia kuamua juu ya doa ni Morris. Baada ya kushindwa kwenye kuta za Oxford, alitambua kwamba mkono wake ulikuwa mahali pengine, na mwaka 1861 akaanzisha na marafiki zake kampuni ya kutengeneza samani, vioo vya rangi na mapambo ya nyumba. Alikuwa amemsoma John Ruskin, aliyeandika kwamba uzuri wa majengo ya Gothi ulitokana na uhuru wa mchongaji, ambaye aliruhusiwa kukosea, na kwamba kitu kilichonyooka kupita kiasi ni dalili ya mtumwa. Mimi huikumbuka hoja hiyo kila ninapoletewa fremu ya plastiki yenye nakshi za maua, zote sawasawa, zilizomwagwa kiwandani kwa mita. Morris alichukua hoja hiyo akaenda nayo hadi kwenye pipa la rangi. Rangi za kemikali zilikuwa zimeenea tangu mwaka 1856, William Perkin alipogundua zambarau yake, nazo nyingi zilichujuka juani. Morris akarudi kwenye vitabu vya kale vya wapaka rangi, akajifunza tena nili ya buluu na wekundu wa mizizi, akitembea huku mikono yake ikiwa ya buluu hadi kwenye viwiko. Kitambaa chake cha mwaka 1883 chenye ndege wanaoiba stroberi kilitengenezwa kwa kuzamisha nguo nzima katika nili, kisha kuitoa buluu kwa dawa mahali palipotakiwa weupe, halafu kuongeza wekundu na manjano kwa zamu. Ilikuwa kazi ya siku nyingi na bei yake ilikuwa kubwa. Yeye aliyetaka sanaa iwe ya watu wote akalalamika kwamba anawahudumia matajiri, na hakulitatua jambo hilo hadi kufa kwake mwaka 1896. Sina la kumlaumu. Hesabu hiyo hunisumbua kila mteja anapouliza bei ya mbao ya mvule.

Mwaka 1877 Morris alisikia kwamba kanisa la kale la Tewkesbury lilikuwa karibu kufanyiwa ukarabati. Neno hilo kwa wakati ule lilimaanisha kukwangua lipu ya zamani, kung'oa kila kilichoongezwa katika karne zilizofuata, na kulirudisha kanisa kwenye sura ambayo msanifu alidhani lilikuwa nayo mwanzoni, hata kama sura hiyo haikuwahi kuwapo. Akaandika barua kali gazetini, na mwaka huohuo akaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale, ambacho wenyewe walikipa jina la utani la kupinga kukwangua. Msimamo wao ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuufuata. Ziba paa linalovuja, egemeza ukuta unaoinama, utunze kila siku, lakini usijifanye wewe ndiye fundi wa karne ya 13. Huyu ni mtu aliyetumia maisha yake yote kuifufua karne hiyohiyo! Sioni mgongano. Akitengeneza kiti kipya kwa njia ya kale, kiti ni chake na kila mtu anajua. Akikwangua ukuta wa kale na kuuchora upya, anaisema kazi ya marehemu kwa mdomo wake mwenyewe.

Sisi wa Nakuru tuna jengo la kufikiria mambo haya. Kule Ngata, njia ya kwenda Njoro, liko kasri la Lord Egerton, lililoanza kujengwa mwaka 1938, likasimama kwa sababu ya vita, likamalizika mwaka 1954. Limejengwa kwa kukumbuka majumba ya kifahari ya Uingereza, katikati ya mashamba ya mahindi. Nimelitembelea mara mbili, mara moja nikiwa na watoto. Ni zuri, mawe yake yamekatwa vizuri, na mbao zake ningezipapasa siku nzima. Lakini sikusikia swali lolote ndani yake. Millais alikwenda kwa seremala akauliza karakana inafananaje. Kasri lile halikumuuliza mtu wa hapa chochote.

Basi yule mama aliporudi nilimwambia, "Mama, doa sitalipaka." Nilimweleza kwamba naweza kuibandua karatasi kutoka kwenye hadibodi, kwa subira na maji kidogo, naweza kuzuia unyevu usiendelee, na naweza kuitenga na kioo kwa kadibodi isiyo na asidi ili isigandame tena, ila nikichora nyasi na matunda juu ya doa, zitakuwa ni nyasi za kwangu mimi, na yeye atakuwa akitazama kazi ya fundi wa Nakuru akidhani ni ya siku ile mzee alipoitundika. Alinyamaza. Kisha akasema kwamba maji yale yaliingia wakati wa mvua iliyong'oa mabati mwaka ambao mtoto wao wa pili alizaliwa, na kwamba mzee aliishika picha kifuani usiku kucha. Hakulitaja doa tena.

Kuhusu fremu hatukubishana. Rossetti na rafiki yake Ford Madox Brown walikuwa wameacha fremu za plasta zenye nakshi nzito, wakaanza kupaka dhahabu moja kwa moja juu ya mbao za mwaloni, ili nyuzi za mti zionekane chini ya dhahabu. Mwaloni sina na dhahabu ya kweli siiwezi, lakini nilijaribu kwa saipresi na rangi ya dhahabu nyembamba, nikaifuta kabla haijakauka, na nyuzi zikatokea. Niliacha ubao wa chini ukiwa mpana kama wa Hunt, nikachora kwa penseli, "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha," nikamwita aje aone kabla sijachonga.

Alilisoma taratibu, akatikisa kichwa. Mzee, alisema, hakulisoma neno hilo kwa Kiswahili. Alilisoma kwa Kilogooli, kila jioni, kutoka kwenye Biblia ile ya zamani iliyobaki nyumbani, na kama nitaandika chini yake basi niandike alivyolisoma yeye. Mimi Kilogooli nakisema, lakini kukiandika mbele ya mjane wa mzee wa kanisa sithubutu. Nimefuta penseli kwa msasa laini. Mwanawe anakwenda Vihiga mwisho wa mwezi kuileta Biblia, na fremu imeegemea ukuta nyuma ya benchi langu, ubao wa chini ukiwa mtupu.